Maswali Yenu: Simu za Sauti na Picha kwa Programu Huria

Tangu Skype ilipofungwa tarehe 5 Mei 2025, barua zinazotufikia hapa Lubumbashi kuhusu simu za intaneti hazijapungua. Wasomaji waliozoea programu moja ya kampuni moja wanauliza kama ipo njia nyingine, isiyotegemea uamuzi wa mwenye mali aliye mbali. Nimechagua barua tano. Majina ya walioandika nimeyaacha, na barua mbili nimezifupisha bila kubadili maana yake.

Mama wa Katuba anauliza:

Kwa zaidi ya miaka kumi nilikuwa nikizungumza na binti yangu aliyeko Ubelgiji kwa Skype, kila Jumapili baada ya misa. Ilipofungwa, wajukuu waliniambia nihamie programu nyingine ya kampuni ileile. Mimi ni mtu mzima, na kujifunza kitu kipya kunanichosha. Nikijifunza hiki cha sasa, nacho hakitafungwa kesho?

Jibu:

Jambo Mama. Nimeanza na barua yako kwa sababu ya swali lako la mwisho, ambalo wengi wetu hatujiulizi kabla ya kuchagua.

Skype ilianza mwaka 2003, ikanunuliwa na eBay mwaka 2005, kisha Microsoft ikainunua mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5. Namna simu zake zilivyosafiri ilibaki mali ya kampuni, na siku mwenyewe alipoamua kufunga, hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kuiendeleza, hata angekuwa na ujuzi na mashine. Lakini kuna kipande kimoja cha Skype ambacho hakikufa. Kampuni hiyo ilitengeneza kodeki iitwayo SILK, yaani njia ya kubana sauti ya mtu ili ipite katika mtandao mwembamba, nayo ikaitoa itumiwe na wote. SILK ikaunganishwa na kodeki ya CELT ya shirika la Xiph.Org, na mwaka 2012 ikazaliwa Opus, ambayo imo ndani ya karibu kila programu nitakayoitaja katika ukurasa huu. Walichokitoa kwa wote bado kinabeba sauti za watu hadi leo, na walichokifungia kimekwenda nao.

Kwa hiyo, Mama, ahadi ya kampuni kwamba haitafunga si kitu cha kutegemea. Chagua programu ambayo, hata mwenyewe akichoka nayo, wengine wana haki ya kuichukua na kuiendesha. Kwa mazungumzo yenu ya Jumapili ninapendekeza Jitsi Meet. Imetokana na programu iliyoandikwa na Emil Ivov, Mbulgaria aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Strasbourg mwaka 2003, na jina Jitsi ni neno la Kibulgaria lenye maana ya nyaya. Sisi wa mji wa shaba tunajua nyaya zimebeba sauti ngapi. Imepita mikononi mwa kampuni mbili, Atlassian mwaka 2015 na 8x8 mwaka 2018, wala watumiaji hawakupoteza kitu, kwa kuwa leseni yake inamruhusu yeyote kuisimika kwenye mashine yake.

Kwa upande wako kazi ni ndogo. Binti yako afungue chumba cha mazungumzo kisha akutumie kiungo, nawe utakigusa tu, kivinjari cha simu kifunguke, ukubali kipaza sauti na kamera. Tangu mwaka 2023 seva ya wazi ya Jitsi, yaani kompyuta ya kati inayopokea na kusambaza mazungumzo, inamtaka anayefungua chumba ajitambulishe kwa akaunti, lakini mgeni haulizwi, na ndiyo maana nasema afungue yeye. Jambo moja usilisahau: Jitsi haiiti kama simu ya kawaida, ni lazima mkubaliane saa. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa ya Ubelgiji ni sawa na ya kwetu Lubumbashi. Miezi inayobaki wao wako nyuma kwa saa moja.

Ukipenda simu iite, muweke na Signal pia. Inatumia namba ya simu yako, na mtu aliyezoea WhatsApp hapati shida nayo. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi, lakini kuunganisha simu kunategemea seva za taasisi moja, kwa hiyo kwa swali ulilouliza naiweka nafasi ya pili. Kuwa nazo zote mbili hakuna gharama, na siku moja ikigoma hamtakosa Jumapili yenu.

Msaidizi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi anauliza:

WhatsApp ni ya bure na inaaminika. Kwa nini mnasisitiza neno huria? Tena, msimbo ukiwa wazi kwa kila mtu, wezi nao hawataona pa kuingilia?

Jibu:

Ndugu, tuna bahati kwamba Kiswahili kina maneno mawili. Cha bure ni kile usichokilipia. Huria ni kile ambacho una haki ya kukitumia, kukichunguza, kukirekebisha na kumpa mwenzako. Kiingereza kinatumia neno moja, "free", kwa mambo hayo mawili, na Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, amelazimika kulieleza neno hilo kwa miaka mingi. WhatsApp ni ya bure bila kuwa huria. Tangu mwaka 2016 inafunga mazungumzo, ili mtu wa nje asiyasome, kwa kanuni iliyotoka kwa watengenezaji wa Signal, nayo ni kanuni nzuri, lakini programu yenyewe iliyomo katika simu yako haiko wazi kusomwa. Unajua aina ya kufuli, ila huwezi kukagua jinsi lilivyofungwa mlangoni.

Kuhusu wezi, mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika katika jarida la kijeshi la Ufaransa kwamba mfumo wa siri unapaswa kubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, mradi ufunguo haujulikani. Wataalamu wa usalama wanafuata kanuni hiyo mpaka sasa. Lakini nisikudanganye: kuwa wazi hakumaanishi kwamba kuna mtu aliyesoma. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu huria inayotumika duniani kote, na kasoro hiyo ilikuwa imekaa humo kwa takriban miaka miwili. Uwazi unatoa nafasi ya kukagua. Ukaguzi wenyewe unahitaji watu, na ningefurahi sana baadhi yao wakiwa wanafunzi wako. Ukitafuta programu ya kufundishia, tazama BigBlueButton, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carleton nchini Kanada mwaka 2007. Ina ubao wa kuandikia na namna ya kuinua mkono, ila inahitaji seva yenye nguvu.

Mweka hazina wa likelemba, Kamalondo, anauliza:

Sisi ni watu kumi na wawili wa ukoo mmoja tunaochanga pesa kila mwezi. Wengine wako Likasi, Kinshasa na Ndola. Mkutano wa picha unamaliza mega kabla hatujafika kwenye hesabu, sauti zinakatika, na watu wawili wanaongea kwa wakati mmoja, halafu wote wananyamaza. Kuna programu huria inayotumia mega chache?

Jibu:

Mama mweka hazina, hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili linagusa mfuko wa kila msomaji.

Tuanze na hesabu. Opus inaweza kushuka hadi kilobiti 6 kwa sekunde na kupanda hadi 510, na kwa maneno ya mtu kilobiti 24 zinatosha kabisa, ambazo ni kilobaiti 3 kila sekunde. Lakini sauti haisafiri peke yake. Inakatwa vipande, kwa kawaida 50 kila sekunde, na kila kipande kinawekwa katika bahasha yenye anwani. Bahasha hizo peke yake zinakula kilobaiti 2 nyingine. Jumla ni kilobaiti 5 za kwenda na 5 za kurudi, sawa na mega 36 hivi kwa saa nzima ya mazungumzo. Sasa chukua picha: ukipokea nyuso sita ndogo, kila moja kwa kilobiti 150, tayari unapokea karibu mega 400 kwa saa, bila kuhesabu picha unayoituma wewe. Kifurushi chenu, ambacho wengi wetu tunakiita forfe, hakimalizwi na programu, kinamalizwa na nyuso. Kuna programu zinazobana vizuri kuliko nyingine, lakini tofauti hiyo ni ndogo ukiilinganisha na tofauti ya kuwasha na kuzima kamera.

Kwa hiyo tumieni Jitsi Meet, kila mtu afunge kamera yake, na katika mipangilio ya utendaji chagueni kiwango cha chini kabisa ili picha za wengine zisipokelewe. Fungueni kamera kwa dakika moja mwanzoni msalimiane, kwani kuonana nako kuna thamani yake katika ukoo, kisha mzifunge.

Kuhusu watu kuongea pamoja, tatizo ni mwendo. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza kwamba sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa njia moja ili mazungumzo yaende vizuri. Mtu wa Kamalondo akiongea na mtu wa Likasi kupitia seva iliyoko Ulaya, sauti inavuka bara zima na kurudi, na kwenye mtandao uliojaa jioni kiwango hicho kinavukwa. Ndipo kila mmoja anadhani mwenzake amenyamaza. Dawa ni ya kimkutano: mwenyekiti aite jina la anayefuata, na kila anayemaliza aseme "nimemaliza".

Tena kila asiyeongea afunge kipaza sauti. Nilijifunza hili katika mkutano wa ukoo wangu mwenyewe. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari, na hatua mbili kutoka hapo shangazi alikuwa akikaanga samaki juu ya mbabula. Baba mdogo aliyeko Kipushi alikuwa akieleza habari ya kiwanja, nasi hatukusikia neno. Tulisikia mafuta yanavyolia kwenye kikaango. Tulidhani mtandao umeharibika, na wawili wakatoka na kuingia tena. Shangazi alipogusa alama ya kipaza sauti kwa kidole chenye unga, sauti ya baba mdogo ikatokea nzima, kana kwamba amekaa nasi. Kipaza sauti cha simu hakichagui. Kikipokea kelele, kinazituma, na kelele nazo zinalipiwa mega.

Mambo mawili ya mwisho kwenu. Msikipe chumba jina kama "likelemba", maana yeyote anayelibuni ataingia na kusikia habari za pesa. Andikeni jina refu lisilobunika na muweke neno la siri. Tena mkumbuke kwamba Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, wakati Ndola ni sawa nasi, kwa hiyo mnapopanga saa mtaje ni saa ya wapi.

Fundi wa simu, Kolwezi, anauliza:

Niliweka Jami kwa sababu nilisikia haina seva. Kwenye Wi-Fi ya duka langu inafanya kazi vizuri, lakini mimi na mdogo wangu tukitumia mega za simu mara nyingi haituunganishi. Halafu simu yangu ikaibwa, na akaunti sijaipata tena.

Jibu:

Pole kwa simu, ndugu. Jami, iliyoanza kwa jina la SFLphone na inayotengenezwa na Savoir-faire Linux ya Montréal, kweli haina seva ya kati inayohifadhi akaunti. Simu zenyewe zinatafutana. Huo ndio uzuri wake, na matatizo yako yote mawili yanatoka hapohapo.

Mitandao ya simu mara nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Fikiria parseli moja yenye wapangaji wengi na lango moja: mgeni anayefika langoni hajui agonge mlango gani, na mlinzi hamruhusu kuingia asipoitwa kutoka ndani. Simu mbili zikiwa kila moja katika parseli ya namna hiyo, zinahitaji mtu wa tatu aliye nje wa kupokezana ujumbe, nayo ni seva ya TURN. Fungua mipangilio ya akaunti yako uone kama TURN imewashwa. Ikiwa imezimwa, iwashe. Dukani mko parseli moja, ndiyo maana hapakuwa na shida.

Akaunti uliyoipoteza, kama hukuihifadhi mahali pengine wala kuiunganisha na kifaa cha pili, hairudi. Ufunguo ulikuwa ndani ya simu na hakuna ofisi yenye nakala. Safari hii, siku ileile utakapofungua akaunti mpya, toa nakala yake na uiweke kwenye kompyuta ya duka.

Padri msimamizi wa shule, Ruashi, anauliza:

Katika uwanja mmoja tuna shule ya msingi, sekondari, zahanati na ofisi ya parokia. Siku nzima tunapigiana simu za kulipia kutoka jengo hadi jengo. Intaneti yetu ni dhaifu na umeme unakatika. Inawezekana kuzungumza bila vitengo vya simu?

Jibu:

Baba Padri, inawezekana, wala hamhitaji intaneti hata kidogo. Mnahitaji mtandao wa ndani, yaani Wi-Fi yenu wenyewe, hata kama hauendi popote nje ya uwanja.

Kiini cha kazi ni Asterisk, mtambo huria wa simu za ofisi. Mark Spencer wa Marekani aliuandika mwaka 1999 kwa sababu hakuwa na pesa za kununulia kampuni yake changa mtambo wa simu, na leo unafanya kazi hata kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, isiyozidi kiganja. Hapo mnatoa namba fupi: 101 ofisi, 102 zahanati, 103 shule ya msingi, 104 sekondari. Kisha kila simu ya Android inawekwa Linphone, programu huria ya Kifaransa iliyoanza mwaka 2001, na kuandikishwa kwa namba yake. Zote mbili zinaongea kwa SIP, kanuni ya wazi ya kuunganisha simu za mtandao ambayo umbo lake la sasa lilitangazwa mwaka 2002, kwa hiyo siku mkitaka kubadili Linphone mnaweza kuweka programu nyingine ya SIP, au hata kununua simu ya mezani inayojua SIP, bila kugusa mtambo.

Ugumu wenu hautakuwa kwenye programu, utakuwa kwenye majengo. Wi-Fi inadhoofika sana ikipita kuta nene za matofali ya kuchoma, na mabati huirudisha. Ruta moja ofisini haitafika zahanati. Vuteni waya wa mtandao kutoka jengo hadi jengo, usizidi mita 100 kwa kipande, na kila mwisho wa waya muweke kisambazaji kidogo cha Wi-Fi. Waya wenye shaba halisi ni ghali kuliko ule wa alumini iliyopakwa shaba, lakini kwa kazi ya miaka mingi nasisitiza huo wa kwanza. Upitisheni ndani ya bomba chini ya ardhi, kwa sababu mvua zetu zina radi.

Umeme nao una njia. Raspberry Pi inatumia volti 5, na ruta nyingi ndogo hutumia volti 12. Someni kibandiko chini ya kila moja kabla ya kuunganisha. Betri ya volti 12 yenye paneli ndogo ya jua na kidhibiti chaji, pamoja na kifaa cha kushusha volti kwa ajili ya Raspberry Pi, itaziendesha wakati majengo yote yako gizani. Visambazaji vya majengo mengine navyo vinahitaji umeme wao, jambo ambalo wengi hulisahau hadi usiku wa kwanza wa giza.

Android ina tabia ya kulaza programu ili kuokoa betri, na simu iliyolazwa haiiti. Katika kila simu, nendeni kwenye mipangilio ya betri na muiondoe Linphone katika orodha ya zinazolazwa. Mtambo huo pia msiufungulie njia ya intaneti pasipo fundi anayejua, maana kuna watu wanaotafuta mitambo ya SIP iliyo wazi mchana na usiku ili wapige simu kwa gharama za wengine. Kila namba ipewe neno la siri refu, na si 101 kwa namba 101.

Anzeni na namba mbili tu, ofisi na zahanati, kwa wiki mbili, mkisikiliza mahali sauti inapokatika mtu anapotembea uwanjani. Zikitulia, ongezeni shule. Orodha ya namba ichapwe kwa herufi kubwa na kubandikwa ukutani karibu na mlango wa zahanati, kwa kuwa muuguzi wa zamu atakayeihitaji saa nane za usiku huenda ndiyo mara yake ya kwanza kupiga.